Unamwandikia Nani?

Mwezi Septemba 2005 mpiga picha wa gazeti la Daily News, Muhidin Issa Michuzi, alikuwa Helsinki, Finland, kikazi. Huko alikutana na Ndesanjo Macha, mmoja wa Watanzania wa mwanzo kabisa kuandika blogu kwa Kiswahili, naye ndiye aliyemshawishi mwenzake aanzishe ya kwake na kumshika mkono katika hatua za kwanza. Haikupita miaka mingi, Mtanzania wa Washington, wa Reading au wa Dubai akawa haanzi siku bila kupita kwa "Ankal", kama Michuzi alivyoitwa, kuona nyumbani kumekuchaje.

Wanaoikumbuka blogu ya Michuzi ya enzi zile wanajua kwamba hawakufuata uandishi uliotukuka. Ilikuwa picha, na chini yake mistari miwili mitatu yenye utani: harusi iliyofana, msiba uliotokea, waziri akikata utepe, wadau waliokutana kwenye mnuso huko ughaibuni. Msomaji akituma picha yake, naye anatundikwa. Ukiangalia mada peke yake ungesema ni mchanganyiko usio na kichwa wala miguu. Lakini kila picha ilimjibu mtu mmoja: yule aliye mbali, anayefanya kazi za zamu, aliyekosa harusi ya binamu yake na sasa anataka kujua nani alikuwepo na nani kanenepa. Michuzi mwenyewe aliiita Globu ya Jamii, na jamii hiyo ilijijua.

Macha yeye alikuwa na blogu iliyoitwa Jikomboe. Humo hamkuwa na harusi. Mlikuwa na siasa, fikra, hoja za ukombozi wa Mwafrika, mambo yanayomtaka msomaji akae chini atulie. Ukiipima kwa umati utaiona ndogo mbele ya ile ya mwenzake. Ila waliokuwa wakiisoma walikuwa watu wa aina moja, wenye kiu ya kusema, na baadhi yao waliondoka pale wakaenda kufungua blogu zao. Nazitaja zote mbili pamoja ili isije ikadhaniwa kwamba kuwa na lengo ni kuwa na watu wengi.

Siku hizi nikikaa na vijana wanaotaka maandishi yao yajulikane, mazungumzo huanzia kwenye tangazo. Tulipie Facebook shilingi ngapi? Instagram tuweke picha gani? Saa ngapi ndiyo nzuri ya kubandika? Ni maswali halali na majibu yake yapo. Tatizo ni kwamba nikiomba kuiona blogu yenyewe, ukurasa wa utambulisho unanikaribisha nipate habari, michezo, mahusiano, afya, mapishi, ujasiriamali na mengineyo. Sasa hiyo unamtangazia nani? Sijapata kuona binadamu aliyekosa usingizi kwa sababu anahitaji mengineyo.

Mimi naona lengo la blogu ya mtu binafsi halipatikani kwa kuchagua mada kwenye orodha. Linapatikana kwa kumchagua msomaji, tena kwa ukaribu wa kuweza kusema anafanya kazi gani na jana usiku alilala saa ngapi. Na ukitaka kujua kama unalo au huna, sikiliza anachoandika msomaji wako juu ya kiungo anapomtumia mwenzake. Kwetu maandishi husafiri kwa WhatsApp, kutoka kundi la familia kwenda la wazazi wa darasa la tatu, kutoka hapo kwenda la kwaya. Anayetuma huwa na neno la kutangulizia. Akilikosa, hatumi, na wewe hutajua kamwe kwamba kuna mtu alikusoma akakupenda akashindwa kukueleza.

Dada mmoja ninayefahamiana naye, mfanyakazi wa ofisini Dar es Salaam, alikuwa akiandika kila kilichomjia: safari ya Lushoto, pilau, tamthilia aliyoitazama, lawama za foleni, mashairi mawili matatu. Siku moja akanipa simu yake nitazame takwimu. Makala zote zilikuwa na wasomaji wa kuhesabika, isipokuwa moja iliyoziacha nyingine mbali. Wala huwezi kuiita makala. Ilikuwa orodha ya vitu vya kutia kwenye begi usiku, mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu anaposhikwa na maumivu na ni lazima akimbizwe hospitali. Kadi ya bima. Daftari la kliniki, lenye kundi la damu na dawa anazotumia. Chupa kubwa ya maji. Soksi na sweta hata kama nje kuna joto, maana wodini feni huzunguka usiku kucha na baridi ni adui. Kanga mbili. Chaja yenye waya mrefu, kwa kuwa soketi huwa iko upande wa kitanda cha mwenzako. Noti ndogo ndogo za bodaboda na chai. Mwishoni mstari mmoja: mwambie daktari wa zamu mapema damu ya mtoto ilikuwa ngapi kipimo kilichopita, usingoje aulize.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa seli mundu duniani. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watoto 11,000 wanaozaliwa nayo kila mwaka. Nyuma ya kila mtoto kuna mzazi aliyeambiwa na daktari ugonjwa ni nini na dawa ni zipi. Habari ya waya wa chaja hakuna aliyemwambia.

Akanionyesha jambo la pili. Mtu asiyemjua alikuwa amekipeleka kiungo kile kwenye kundi la wazazi, na juu yake akaandika: "Someni hii, kaandika mama mwenzetu." Basi. Watu hulipa washauri wa masoko ili watungiwe maneno kama hayo, na hawayapati.

Nikamwambia, dada, lengo lako si hilo hapo? Hakufurahi.

"Kwa hiyo, kaka, mimi niwe mama wa mgonjwa tu? Lushoto nisiipende?"

Swali lake lina uzito kuliko wauza mbinu wanavyokiri. Sabuni ukiipangia soko dogo haiumii. Blogu binafsi ndani yake kuna mtu, na ukiibana umembana yeye. Wanawake hasa wanalijua hili, kwa sababu tayari wanaitwa mama fulani mtaani, kazini na kanisani, na blogu ilikuwa mahali pekee walipobaki na majina yao. Uje sasa umwambie mtu kama huyo kwamba kwa ajili ya wasomaji arudi kuwa mama fulani! Isitoshe, mtoto mwenyewe alikuwa tayari anasoma shule. Kesho kutwa atajua kusoma vizuri, na wenzake watajua kutafuta mtandaoni. Wapo bado wanaonong'ona wakisikia seli mundu, wakiuliza ya upande gani wa ukoo. Mzazi ana haki ya kusimulia usiku wake, lakini maumivu ni ya mtoto, na mtoto hajaulizwa.

Alikaa nalo kwa muda, akarudi na suluhisho lililokuwa bora kuliko yote niliyomwekea mezani. Ataandika habari za anayeuguza, hataandika habari za anayeugua. Jina la mtoto halitatajwa, picha haitawekwa, hospitali haitajulikana. Watakaokuwemo ni yeye, mumewe, bibi aliyetoka Korogwe kuja kusaidia, na bosi anayehesabu siku za ruhusa. Mpaka ule ulimlinda mtoto, na hapo hapo ukamwambia msomaji kwamba blogu ni yake. Nani mwingine anahitaji kusoma jinsi ya kumwomba bosi ruhusa ya tatu ndani ya mwezi mmoja?

Na Lushoto haikufa. Aliiandika upya. Milima ile ile ya Usambara, matunda yale yale ya kununua njiani, ila sasa alieleza namna ya kupanda na mtoto asiyetakiwa kupigwa na baridi: usiende Julai, beba chai kwenye chupa ya moto, uliza nyumba ya wageni kama wana mablanketi mazito, mnyweshe maji hata akikataa, jua kabla ya kuondoka kituo cha afya kiko wapi. Safari ile ile iliyosomwa na marafiki zake wachache ikawa makala ambayo mzazi wa Tabora angeitunza kwenye simu. Mada haikubadilika hata kidogo. Pilau nayo ilipata njia yake ya kurudi. Mashairi aliyarudisha kwenye daftari, na nadhani yeye na mashairi wote walipumua.

Wauza kanga wa Mombasa waliishi na elimu hii ya kumjua kwanza anayelengwa kabla babu zetu hawajaona redio. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo kanga zake zinajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", lilianza 1887. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Rangi humsimamisha mwanamke mlangoni, lakini jina ndilo linalofungua pochi, maana akilisoma tayari kichwani ana mtu: mkwe, shoga, jirani wa ukuta wa pili, mume aliyeanza kuchelewa kurudi. Anachokwenda nacho nyumbani ni ujumbe wenye anayepelekewa. Kanga ambayo jina lake halimhusu mtu yeyote hubaki juu ya rafu, rangi iwe nzuri vipi. Na muuzaji mwenye akili haipigii debe kwa kelele. Anaikunjua upande wa jina, ananyamaza.

Kuna hofu nyingine ambayo dada yule hakuisema ila wengi huisema: nikibana lengo, baada ya miezi mitatu nitaandika nini? Huko Marekani, Agosti 2002, Julie Powell, karani wa ofisi ya umma New York aliyekuwa akiishi Queens, aliamua kupika mapishi yote 524 ya kitabu cha Julia Child cha upishi wa Kifaransa, kilichotoka 1961, ndani ya siku 365, na kuandika kila anachopika. Hakuna lengo jembamba kama hilo. Hata hivyo humo ndani alipitisha ndoa yake, kazi asiyoipenda, mabomba yaliyoziba na matusi ya kutosha. Msomaji alirudi kesho yake kwa sababu alitaka kujua kama atamaliza. Kitabu kikatoka 2005, filamu ya Nora Ephron ikafuata 2009, na Meryl Streep akiwa Julia Child.

Kinachosimuliwa kwa nadra ni kilichofuata. Mwaka uliisha, mradi ukaisha. Kitabu chake cha pili kilihusu kujifunza kazi ya buchani na misukosuko ya ndoa yake, nacho kilipokelewa kwa ubaridi. Wasomaji walikuwa wamempenda mtu wa jikoni, na huyu mwenye kisu cha bucha hawakumzoea. Powell alifariki 2022 akiwa na miaka 49. Simlaumu kwa kubadilika. Mwandishi asiyebadilika ana tatizo kubwa zaidi. Ninachokiona ni kwamba lengo linaweza kuwa na tarehe ya kuisha, na hakuna ubaya msomaji kuijua tangu mwanzo. Blogu zetu nyingi huanza bila kikomo zikafa bila taarifa. Ukizifungua unakuta kipande cha mwisho kinaahidi kwamba mwandishi atarejea hivi karibuni, na kimeandikwa miaka sita iliyopita.

Wapo wanaoweza kutangatanga kwenye mada na bado wakabaki na watu wao. Mwandishi Maria Popova alianza 2006 kwa barua pepe kwa wafanyakazi wenzake saba, akiwapelekea mambo ya kuwachangamsha akili. Amesoma kila kitu tangu hapo, kuanzia falsafa na nyota hadi vitabu vya watoto, na mwaka 2021 alipobadilisha jina la blogu yake, kutoka Brain Pickings kuwa The Marginalian, aliendelea nayo kana kwamba hakuna kilichotokea. Huku kwetu Afrika Mashariki, mwandishi Ken Walibora wa Kenya, hadi kifo chake Aprili 2020, aliandika safu yake ya Kauli ya Walibora katika gazeti la Taifa Leo. Mlango ulikuwa Kiswahili. Ukishaingia ungekuta safari, makongamano, watu aliokutana nao, vichekesho. Mwalimu wa Kiswahili alijua safu ile ni ya kwake hata siku ilipohusu uwanja wa ndege. Ila tuambizane ukweli: Popova alianza na watu saba aliowajua kwa sura, na Walibora alikuwa tayari mtunzi wa riwaya ya Siku Njema. Anayeanza leo hana jina la kubeba mada zake. Namshauri aanze na mlango mwembamba, nyumba ataipanua akiwa ndani.

Kuna wakati Tanzania swali la unamwandikia nani liliulizwa na serikali. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na baadaye 1,000,000 nyingine kila mwaka. Wengi walifunga. Kanuni zilizofuata, za 2020, zikagawa leseni kwa makundi: habari na matukio, burudani, elimu na dini. Baadaye ada zilipunguzwa. Sikuzipenda kanuni zile, na bado naamini zilizima sauti ambazo nchi ilizihitaji. Lakini nakiri kwamba mtu aliyeshika fomu mkononi, na milioni moja haipo, alilazimika kujiuliza ni nani angesikitika blogu ile isipokuwepo. Wengine walilipata jibu. Swali hilo tungepaswa kujiuliza wenyewe bila kutishwa.

Nirudi kwa dada yetu, maana habari ya tangazo sijaimaliza. Alipomjua msomaji wake, maswali ya masoko yalijibika yenyewe. Mzazi huyu yuko macho saa nane za usiku, kwenye benchi, kwa bando linaloishia. Kwa hiyo picha kubwa zikaondolewa ili ukurasa ufunguke haraka. Vichwa vya makala vya kishairi vikaachwa, akaandika maneno ambayo mtu mwenye hofu huyachapa kwenye simu: mtoto wa seli mundu ana maumivu usiku nifanye nini. Kwenye Instagram alipunguza nguvu, kwa sababu wazazi hawa hawakuwa huko wakimsubiri. Walikuwa kwenye makundi na kwenye foleni ya kliniki. Akachapisha ile orodha ya begi kwenye nusu karatasi, anwani ikiwa chini kwa herufi kubwa, akatoa nakala, na muuguzi mmoja akakubali kuibandika ukutani karibu na dirisha la kuchukulia dawa. Na kwa kuwa tarehe 19 Juni ni siku ya seli mundu duniani, ambapo redio na magazeti hutafuta mtu wa kuzungumza naye, yeye huandika makala yake kubwa wiki ya kwanza ya mwezi huo, si siku yenyewe wakati kila mtu anapiga kelele. Gharama yote ilikuwa hela ya fotokopi.

Mbinu hizo ukimpa mtu mwingine hazitamfaa. Anayewaandikia walimu wastaafu wanaofuga kuku wa kienyeji atatakiwa kwenda kwenye duka la dawa za mifugo na kuandika asubuhi, si usiku. Anayewaandikia vijana wa bodaboda atafikiria sauti badala ya maandishi, maana mikono yao iko kwenye usukani. Wote watatu wakienda kwa mshauri mmoja wa mitandao watapewa ratiba moja ya kubandika mara tatu kwa wiki na orodha moja ya alama za reli. Watabandika, na baada ya muda watasema Watanzania hawasomi.

Wanasoma sana, ila wanasoma kinachowahusu. Kwa hiyo wewe uliyekusudia kulipia tangazo mwisho wa mwezi, zuia hela hiyo kidogo. Chukua makala yako moja, mtumie mtu mmoja unayeamini ndiye uliyemwandikia, kisha muulize yeye angempelekea nani. Akikutajia jina papo hapo, lipia. Akianza kusema kwamba ni nzuri, inamfaa kila mtu, rudi ukaiandike upya.